Vyombo Vimefika, Karatasi Bado

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Uamuzi wenyewe chama cha TANU kiliupitisha mwaka 1973. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangulia Septemba ya mwaka huohuo, wizara zikafuata, na nyuma yao familia za watumishi zikafungasha vitanda, majokofu na madaftari ya watoto. Majengo mapya ya mji wa Serikali wa Mtumba yameandikwa sana. Jinsi familia hizo zinavyozunguka ofisini zikijitambulisha upya, kumeandikwa kidogo mno.

Mzunguko huo haumhusu mtumishi peke yake. Muuza mitumba anayehama mkoa naye huanzia kwa mjumbe wa shina, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, aandikiwe barua ya utambulisho, pengine na orodha ya vyombo ili dereva wa Fuso aioneshe akisimamishwa njiani. Akishafika ugenini, bila mhuri wa mtaa mpya atahangaika kufungua akaunti ya benki au kumdhamini ndugu aliyekamatwa. Zanzibar mlango ni mmoja: sheha.

Kwa mtumishi, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zimeandikwa kwa huruma. Anayehamishwa na mwajiri anastahili posho ya kujikimu ya siku 14, nauli, gharama za mizigo, na posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Lakini waulizwe walimu. Malimbikizo ya fedha za uhamisho yamekuwa kilio chao kwa miaka mingi, na wapo waliokopa ili kufika kituo kipya, wakaanza kuidai Serikali huku nao wakidaiwa. Aliyeomba mwenyewe kuhama, hata kama anamfuata mwenzi wake, hujigharamia. Ndiyo maana makundi ya WhatsApp ya walimu yamejaa matangazo ya wanaotafuta mtu wa kubadilishana naye kituo.

Mtoto ndiye anayeumia kimyakimya. Shule anayokwenda ikubali kwanza kuwa ina nafasi, anayotoka imwachie, ofisi ya elimu ipitishe, na taarifa zake zihamishwe kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Hatua hizo zina sababu: zinamlinda asipotee kwenye kumbukumbu. Ila mzazi akikuta ofisa yuko safarini, mtoto hukaa nyumbani wenzake wakiendelea na masomo. Wa darasa la nne au la saba, ambaye huenda amekwishasajiliwa kwa mtihani wa taifa, yuko hatarini zaidi.

Kisha kuna LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme. Mwaka 2023 ilipanda hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba iliyokaa tupu miezi kadhaa huwa na malimbikizo, na mpangaji mpya huyagundua anapoona uniti alizopata haziendani na fedha aliyolipa. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini aliyetoa fedha ni mpangaji, na kurudishiwa kunategemea maelewano.

Yote haya yanampata mtu ambaye mamlaka ya vitambulisho, NIDA, imempa namba ya tarakimu 20, anayehamia nyumba iliyobandikwa namba katika operesheni ya anwani za makazi ya 2022. Serikali inamjua mtu na inaijua nyumba. Kinachokosekana ni ofisi zake kuambizana, na kazi hiyo isiachiwe mama mwenye mtoto mgongoni na bahasha mkononi. Taarifa moja katika mtaa mpya ingepaswa kutosha kwa shule, benki na daftari la wapiga kura.

Kwa sasa, anayehama aombe nafasi ya shule kabla ya kukodi gari, achukue barua ya mtaa kabla ya kurudisha funguo, na deni la mita liandikwe ndani ya mkataba wa pango, pamoja na jina la atakayelilipa.