Mgeni Homa Bay: Ale Wapi Chakula cha Jioni?

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Homa Bay kwa njia ya Kendu Bay aghalabu hufika mjini jua likielekea kutua upande wa Rusinga. Mbele yake huliona ziwa limetulia, nyuma ya mji kilima cha Asego kimesimama kama mlinzi, na tumbo lake limeanza kumkumbusha kwamba amesafiri mchana kutwa. Basi papo hapo huzuka swali ambalo kila mgeni huulizana na mwenzake: Tule wapi?

Pengine msomaji ataona kwamba swali hili ni dogo, halistahili kuandikwa gazetini. Lakini sivyo. Homa Bay ni mji mdogo ulio pwani ya ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria. Wageni hupita hapo wakienda kuwatazama korongo katika Mbuga ya Ruma, ambayo ndiyo makao ya wanyama hao nchini Kenya, au wakienda kisiwani Rusinga, alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969. Fedha wanazotoa kwa chakula cha jioni huingia mfukoni mwa mtu fulani na kuuacha mfuko wa mwingine mtupu. Tena mgeni mwenyewe aweza kula vizuri au vibaya, aweza kulala salama au kuamka mgonjwa. Kwa hiyo yafaa kufikiri kabla ya kuketi.

Namna tatu za mahali pa kula

Kwanza ziko hoteli kubwa zilizo karibu na maji, zenye bustani, vitambaa vya meza na orodha ya vyakula. Mgeni hupata humo utulivu, maji ya kunawa ya moto, na kiti cha kumwezesha kulitazama ziwa. Bei yake ni kubwa, na chakula huchelewa. Mwenye njaa kali na aagize mapema, kisha atembee bustanini.

Pili ziko hoteli za mjini, karibu na soko na kituo cha magari. Hizi ndizo wanazokula makarani, madereva na wachuuzi. Ugali huwa wa moto, mboga ni za siku ile ile, na watu hawakai sana. Mgeni atakayeona hoteli imejaa wenyeji saa moja ya jioni na aingie bila hofu, kwa maana chakula kinachoisha upesi hakipati nafasi ya kuchacha.

Tatu viko vibanda vya pwani, ambako akina mama hukaanga samaki katika makarai makubwa mbele ya macho ya mnunuzi. Hapana kitambaa cha meza, wala orodha. Orodha ni wale samaki wenyewe, waliolala juu ya meza. Mgeni huchagua samaki wake, hupatana bei, kisha hungoja.

Kipi kati ya hivi vitatu ni bora? Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa huchagua nyumba badala ya kuchagua samaki.

Kisa cha mwandishi

Jioni moja mimi na mwenzangu, mwalimu wa shule huko Mombasa, tuliingia katika hoteli moja nadhifu ambayo sitaitaja. Tuliketi dirishani, tukaagiza samaki wa ziwa. Aliletwa samaki mzuri wa kutazamwa, lakini nyama yake ilikuwa legelege kama pamba iliyolowa, wala haikuwa na ladha. Mwalimu, ambaye amezaliwa na kukulia baharini, aliweka tonge chini akamwita kijana mtumishi.

“Kijana wangu,” alisema kwa upole, “samaki huyu ametoka ziwa gani?”

Kijana akainama. “Mwalimu, ametoka katika sanduku la barafu. Kabla ya hapo sijui.”

Nasi tulikuwa tukiliona ziwa pale dirishani, mashua zikirudi! Tulilipa, tukaondoka bila ugomvi, tukashuka hadi pwani. Huko tulimkuta mama mmoja mtu mzima akikaanga. Mwalimu akamsalimu, “Shikamoo, mama.” Alipoulizwa habari za samaki wake hakujibu kwa maneno. Alimwinua mmoja, akafunua matamvua yake mekundu, akabonyeza ubavu kwa kidole, na ule ubavu ukarudi palepale. “Mwanangu,” alisema, “samaki hasemi uongo. Mtazame macho.”

Tangu siku hiyo nimeshika kanuni yake. Macho yawe maangavu, yasiwe yamezama. Matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Nyama iwe ngumu. Na harufu iwe ya maji, si ya uvundo. Mahali penye samaki wa namna hiyo ndipo pa kula, iwe ni hoteli kubwa au kibanda.

Samaki wa zamani na wa sasa

Mgeni atasikia jina la ngege likitajwa kila meza. Yafaa ajue kwamba ngege wa asili, waliokuwa fahari ya ghuba hii, karibu wametoweka katika ziwa kubwa. Nyavu za kunasa kwa matamvua ziliingia ghubani yapata mwaka 1905, na samaki wakavuliwa kuliko walivyoweza kuzaana. Mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa katika miaka ya 1927 na 1928, akaona ngege wanapungua, akashauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Baadaye, katika miaka ya 1950, waliingizwa ziwani samaki wageni: mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, na ngege wa Mto Nile. Mbuta aliongezeka mno katika miaka ya 1980, akawala fulu wadogo hata aina nyingi zikapotea. Siku hizi yule ngege wa asili husalia katika maziwa madogo ya kandokando, kama vile Kanyaboli huko Siaya.

Kwa hiyo yule aitwaye ngege mezani leo aghalabu ni yule wa Mto Nile, naye ni samaki mtamu. Wengine huvuliwa ziwani, na wengine hufugwa katika vizimba vinavyoelea majini. Tena katika miaka ya 2010 samaki walioganda kutoka China waliingia kwa wingi katika masoko ya Kenya, hata katika miji iliyo kando ya ziwa hili. Si kosa kuuza samaki wa barafu. Kosa ni kumwuzia mtu samaki wa barafu kwa jina la samaki wa ziwa. Mgeni na aulize, na mwenye hoteli na ajibu kweli.

Mbuta ni wa minofu minene na mafuta mengi. Viwanda vilipoanza kupeleka minofu yake Ulaya, wenyeji wengi walibakiwa na mifupa na vichwa, wakaiita mifupa hiyo “mgongo wazi”, wakaikaanga na kuila. Jina hilo lina kicheko ndani yake, lakini pia lina uchungu: watu waliokaa kando ya ziwa walikuwa wakila mabaki ya samaki wao wenyewe. Mgeni aonapo kipande cha mbuta kwenye kibanda na akumbuke hayo.

Kisha kuna omena, samaki wadogo waitwao dagaa kwingineko. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, na ukisimama pwani usiku wa giza utaziona taa zao zimejipanga juu ya maji, udhani kuna mji mwingine huko ng’ambo. Mwezi ukiwa mpevu, omena hawazifuati taa, basi huadimika sokoni. Tena kila mwaka serikali hufunga uvuvi wa omena tangu mwezi wa Aprili hata mwisho wa Julai, wapate kuzaana. Asiyejua mambo hayo hudhani mama wa kibanda amepandisha bei kwa tamaa, kumbe ni mwezi uliopandisha.

Pamoja na samaki usisahau mboga za kienyeji: osuga, ambayo ni mnavu, apoth, ambayo ni mlenda, na dek, ambayo ni mgagani. Wapishi wa Kijaluo hutia maziwa katika mboga hizo chungu ili ukali wake upungue. Mgeni akipata pia ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, asitafute chakula kingine.

Usafi na usalama

Ziwa hutoa chakula, lakini maji yake yasipochemshwa huleta maradhi. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka katika sehemu za Homa Bay na Migori. Kwa hiyo, kabla ya kutazama samaki, tazama maji ya kunawa. Je, yanamiminwa juu ya mikono kutoka katika birika au mfereji, au watu wote wanachovya katika beseni moja? Je, sabuni ipo? Chakula kiliwe kikiwa moto. Kachumbari iliyooshwa kwa maji usiyoyajua iache, hata ikiwa nzuri machoni. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au yametiwa dawa.

Zaidi ya hayo, usiketi chini ya taa kali kando ya maji. Kuna majira ambapo vijidudu vya ziwa huruka kwa maelfu na kuifuata taa, navyo huanguka ndani ya mchuzi. Mbu nao huanza kazi yao jua likitua, basi shati la mikono mirefu si anasa. Wala usitembee peke yako pwani gizani, kwa maana viboko hutoka majini usiku kula majani, nao hawampishi mtu.

Siku na imani za watu

Waadventista Wasabato wamekuwa katika sehemu hizi tangu mwaka 1906, walipofungua misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay, na wafuasi wao ni wengi. Hivyo hoteli zao hufungwa tangu jua kutua siku ya Ijumaa hata jua kutua siku ya Jumamosi. Tena hutakuta mumi katika meza zao, kwa sababu hana magamba. Nao Waislamu, ambao mji wao wa zamani ni Kendu Bay, huuliza nyama imechinjwa na nani; lakini samaki huwakutanisha wote, kwa kuwa hahitaji kuchinjwa. Mgeni mwenye adabu huuliza mambo hayo kabla ya kuagiza, wala hambishii mwenyeji juu ya imani yake.

Bei ya haki

Sasa nakuja kwenye jambo lililo zito. Katika fukwe nyingi za ziwa hili mashua ni za wanaume, na wauzaji ni wanawake. Samaki wakiadimika, mwanamke asiye na mtaji huona taabu kupata wa kuuza, na wako wavuvi wasio na haya ambao wamedai mwili wake kabla ya kumpa samaki. Desturi hiyo mbaya huitwa jaboya, nayo imeeneza UKIMWI na kuacha yatima wengi. Wanawake wengine wamejiunga katika vyama, wakanunua mashua zao wenyewe, wakajikomboa.

Basi mgeni anayesimama mbele ya karai na kumkandamiza mama bei hata faida ikaisha, kisha akaenda kulipa mara tatu ya hiyo hotelini bila kunung’unika, na ajipime. Kupatana bei ni desturi, wala si dhambi; lakini kuna kupatana na kuna kunyang’anya. Patana bei kabla samaki hajaingia katika mafuta, lipa ulichokubali, na ukiweza ongeza kidogo.

Kijiji kilichozama

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima, ambamo heroe huonekana wakitembea kwa miguu yao mirefu. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Jioni moja watu walikuwa katika karamu, akaja bikizee mgeni, mchovu na mwenye njaa. Wote walimfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkaribisha. Bikizee akamwonya mwanamke yule aondoke, na usiku ule mvua ikanyesha, kijiji kikazama pamoja na karamu yake.

Masimulizi hayo hutolewa kwa namna mbalimbali, lakini maana yake ni moja: mji hupimwa kwa jinsi unavyomlisha mgeni wakati wa jioni. Nami naona kwamba na mgeni naye hupimwa kwa jinsi anavyokula. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukifika Homa Bay, uliza samaki ametoka wapi, nawa mikono, keti na wenyeji, na umlipe haki yake yule aliyekupikia. Mimi na Mwalimu tulikula pale kibandani hata miiba ikabaki peke yake, na taa za wavuvi wa omena zilipoanza kuwaka majini, alisema jambo moja tu: kwamba kesho yake tutakula hapo hapo.