Jinsi ya kumchagua farasi mpole wa mtoto

MZAZI anayeenda kumnunulia mwanawe farasi kwa mara ya kwanza aghalabu huvutiwa na rangi ya mnyama, urefu wa singa zake na umri wake mdogo. Hayo ndiyo yanayostahili kutazamwa mwisho. Farasi mzima huweza kufikisha uzani wa kilo 500, na mtoto wa miaka 10 hana nguvu za kumzuia akishtuka. Kinachomlinda mtoto huyo ni tabia ya mnyama na mafunzo aliyoyapata.

Kosa la kwanza ni kununua farasi mchanga kwa kudhani kwamba atakua pamoja na mtoto. Farasi wa miaka mitatu au minne angali anajifunza kutii hatamu, na mtoto naye angali anajifunza kuzishika. Wote wawili wakiwa wanafunzi, hakuna wa kumrekebisha mwenzake.

Farasi huweza kuishi miaka 25 hadi 30. Hivyo basi, mwenye miaka 10 hadi 18, ambaye amezoea kubeba watoto, bado ana utumishi mwingi mbele yake. Dume aliyehasiwa kwa kawaida ni mtulivu. Asiyehasiwa hamfai mtoto hata kidogo.

Nchini Kenya, kuna mtego mwingine. Mbio za farasi hufanyika katika uwanja wa Ngong, Nairobi, na wanyama wasioweza tena kushindana huuzwa, pengine kwa bei nafuu. Wengi wao wangali wachanga na walifunzwa kukimbia kwa kasi. Baadhi yao hutulia wakifunzwa upya na mtaalamu kwa miezi mingi, lakini kumtoa mnyama uwanjani na kumkabidhi mtoto moja kwa moja ni kuhatarisha maisha. Rahisi, husema wahenga, huvunja upishi.

Siku ya kumtazama farasi, mnunuzi afike kabla hajatandikwa. Mnyama aliyechoshwa kwa mazoezi alfajiri huonekana mpole hata kama ni mkorofi. Achunguze anavyokubali kushikwa malishoni, kutiwa lijamu na kuinuliwa kwato. Masikio yanayolazwa nyuma na mkia unaopigwapigwa kwa hasira ni dalili za kutoridhika.

Muuzaji au saisi wake ndiye apande kwanza, kisha mtu mzima mwenye ujuzi aliyeandamana na mnunuzi, na mwishowe mtoto akiwa amevaa kofia ngumu. Kabla ya zamu ya mtoto, farasi apitishwe karibu na barabara ili ijulikane atafanya nini honi ya matatu ikilia au mbwa akibweka. Ni vyema kurudi siku nyingine na kurudia majaribio hayo.

Aidha, daktari wa mifugo asiye na uhusiano na muuzaji anapaswa kukagua meno, ambayo husaidia kukadiria umri, pamoja na macho, moyo, mgongo na miguu. Farasi anayeumwa mgongo huweza kumrusha mpandaji, si kwa ukaidi bali kwa maumivu. Vipimo vya damu navyo huweza kufichua dawa za kutuliza alizopewa ili aonekane mpole.

Daktari huyo athibitishe vilevile chanjo dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huenezwa na visubi na huua wengi wa wanaoambukizwa bila kinga.

Gharama haziishii kwenye ununuzi. Kwato huhitaji kupunguzwa kila baada ya wiki sita hadi nane, na chakula, chanjo na mshahara wa saisi havingoji. Familia isiyo na hakika inaweza kuanza kwa kulipia mafunzo katika shule ya upandaji farasi.

Muuzaji akikataa daktari aitwe, au akimharakisha mnunuzi atoe pesa siku hiyo hiyo, ni heri kuondoka na kumtafuta farasi mwingine.