Jasho si Shahamu: Tuutue Vipi Uzito Tulioupata Ughaibuni?



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ya uzima, mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo aghalabu hutajwa kwa mzaha katika mabaraza yetu hapa Uingereza, nalo ni unene. Tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Majira ya baridi yaliyopita, mama mmoja wa jamii yetu alikuwa akihudhuria bwawa la kuogelea la mtaani kila Alhamisi mchana, saa zilizotengwa kwa wanawake peke yao. Akishaogelea kidogo huingia katika sauna, akakaa humo muda mrefu kuliko wote. Akitoka hupanda mizani na kukuta nusu kilo imepungua, na mara nyingine zaidi. Nasi tulimpa hongera, na baadhi yetu tukaanza kumwiga. Hakuna aliyejiuliza kwa nini, baada ya wiki kumi za hongera, nguo zake zilikuwa bado zinambana vilevile.

Alhamisi moja aliingia humo akiwa amefunga, na hali anatumia vidonge vya presha. Aliposimama ili atoke aliona kiza, akaanguka mlangoni. Alhamdulillahi, alikuwepo mwenziwe wa kumdaka, na leo mama huyo ni mzima. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kukihadithia kisa hiki bila ya kumtaja jina, ili yasimpate mwingine.

Joto si geni kwetu. Mzazi wa pwani hukandwa kwa maji ya moto, na mwenye mafua hujifukiza chini ya shuka. Unguja, mtaa wa Hamamni umepata jina lake kutokana na hamamu iliyojengwa zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Sauna kwa asili ni mila ya Wafini. Nchi yao ina watu wapatao milioni 5.5 na sauna zaidi ya milioni 3, na mwaka 2020 mila hiyo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa wanadamu. Humo joto hufika nyuzi 70 hadi 100 za Selsiasi. Mwaka 2015 wataalamu wa Finland walitangaza habari za wanaume 2,315 waliofuatiliwa kwa miaka ipatayo 20. Wale waliokuwa wakiingia sauna mara nyingi kwa wiki walionekana kufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko walioingia mara moja tu. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sauna ndiyo iliyowalinda, lakini unatosha kutuonyesha kuwa kwa mtu mwenye afya si jambo la kuogopwa.

Ila sauna haiondoi unene. Kinachopungua kwenye mizani ni maji yaliyotoka kwa jasho. Lita moja ya jasho ni kilo moja ya uzito, na ukinywa lita moja ya maji, kilo ile imerudi mahali pake. Shahamu ni akiba ya chakula iliyowekwa mwilini. Haitoki kwa kuchemshwa. Hutoka pale mwili unapopewa chakula pungufu kuliko unachotumia, siku baada ya siku, ukalazimika kula akiba yake.

Kwa nini tujali? Si kwa ajili ya picha za harusi. Ni nyumba chache miongoni mwetu ambazo hazina mgonjwa wa sukari au wa presha. Madaktari wa hapa hutuhesabia hatari sisi wenye asili ya Afrika, Uarabuni na Asia katika uzito mdogo kuliko wanavyowahesabia Wazungu, kwa kuwa maradhi haya hutuwahi mapema.

Pamoja na hayo, ipo bishara njema. Mwaka 2002 Marekani ilitangaza matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa dakika 150 kwa wiki. Wagonjwa wapya katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa; ama waliopewa dawa ya metfomini, upungufu ulikuwa asilimia 31. Tazameni, ndugu zetu: kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo tu. Hakuna aliyetakiwa kurudi katika umbo la ujana wake.

Anayetaka kujijua alipo, na achukue uzi. Ajipime kimo kuanzia utosini hadi unyayoni, aukate, kisha aukunje katikati. Nusu hiyo aizungushe kiunoni, kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, bila ya kubana pumzi. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya kimo, na hiyo ndiyo alama ya kuanza kujitazama. Kipimo hiki si cha mja mzito wala cha mtoto mchanga.

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Uzito huu haukuja kwa karamu moja, ulikuja kwa kuchovya. Tuchukue mfano wa chai. Anayekunywa vikombe vitano kwa siku, na kila kikombe vijiko vitatu vya sukari, amekunywa vijiko 15, yaani gramu zipatazo 60. Wakuu wa afya wa Uingereza wanamshauri mtu mzima asizidishe gramu 30 kwa siku. Na apunguze nusu kijiko katika kila kikombe, akae wiki mbili ulimi uzoee, kisha apunguze tena. Mafuta nayo yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani, kwani kijiko kimoja cha mezani kina kalori zipatazo 120.

Halafu sinia. Kula pamoja kuna baraka, na hatusemi muache. Lakini katika sinia mtu hajui amekula kiasi gani, na mama mwenye nyumba humsukumia mgeni matonge hadi wali uishe. Tupunguze wali, na nafasi yake tuijaze mchicha, bamia, kabichi na kachumbari, pamoja na samaki au maharage. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuligawa tumbo theluthi tatu: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Mafundisho haya twayasikia kila Ramadhani, na jioni yake twayasahau mbele ya sambusa.

Tatu ni miguu. Kwetu tulikwenda sokoni, chuoni na kwa jamaa kwa miguu, wala hatukuita mazoezi. Huku tumekuwa watu wa gari na kochi. Nusu saa ya mwendo wa haraka kwa siku tano ndizo zile dakika 150. Wapelekeni watoto shule kwa miguu, au shukeni basi vituo viwili kabla.

Mwenye kupenda sauna asikatazwe, ila ajue ni ya kustarehesha mwili. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha, na maji yanywewe kabla na baada. Asiingie aliyefunga, mwenye homa wala aliye peke yake. Mja mzito, mgonjwa wa moyo, na mwenye kutumia dawa za presha au sukari wamwulize daktari kwanza. Kadhalika mwenye kuchoma sindano ya insulini asipunguze chakula kabla ya kushauriana naye, isije sukari ikashuka ghafla.

Mama yetu wa Alhamisi sasa huenda bwawani kuogelea, na kila asubuhi huwapeleka wajukuu shule kwa miguu pamoja na jirani yake. Katika miezi sita amepunguza kilo nne. Safari hii hatukuangalia mizani. Tuliona mwenyewe amepeleka magauni yake kutiwa mishono.

Hongera tulizompa kwa jasho tunaziomba radhi. Hizi za sasa ni zake kwa haki. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie afya ya kumwabudu na ya kuwalea watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.