Wosia Uliofungwa kwa Vina

Mwana Kupona binti Msham wa Pate alipomwachia bintiye wosia mwaka 1858, alikuwa mjane tena mgonjwa. Angeweza kumkalisha akamwambia yaishe. Alichagua utendi: kila ubeti vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja, cha nne kikibeba kina kinachopita shairi zima. Nadhani umbo hilo, kuliko busara yenyewe, ndilo lililouhifadhi wosia huo. Kina humkumbusha msomaji neno lijalo, na mizani humzuia kulibadili ovyo. Ndiyo maana hata majumbani maneno ya wazazi yanayodumu ni methali. Hotuba ndefu za usiku husahaulika kabla ya asubuhi.

Wapo watakaosema utendi ulidumu kwa kuwa uliwafaa wanaume, maana unamtaka mke amtii mumewe kupita kiasi. Hoja ina uzito, na sehemu hiyo sioni sababu ya kuirithisha. Lakini mwandishi hakuzungumza na wanaume: kuelekea mwisho anawaalika wanawake wenzake wausome. Tena tuangalie wakati wake. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyekuwa ameupinga utawala wa Sultani wa Zanzibar, alikuwa ameshafariki. Binti wa nyumba kama hiyo, anayekaribia kumpoteza na mama, angetegemea zaidi heshima yake mbele ya watu, na utendi unahimiza pia adabu ya ulimi, ukweli na kuwajali wahitaji.