Msuli Nao ni Tezi

Mtu wa Chuno akirudi Mtwara kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, amemaliza dozi zake za tibakemikali, ndugu humtandikia mkeka na kumkataza hata kuchota maji. "Pumzika, usijichoshe." Ni huruma, ila huruma hiyo inausahau msuli.

Shuleni tulifundishwa kwamba homoni hutoka kwenye tezi. Msuli ulikuwa kamba tu ya kuvutia mifupa. Mwaka 2003 Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen walipendekeza jina mayokini kwa kemikali ambazo msuli wenyewe huzimwaga kwenye damu ukifanya kazi. Mojawapo ni intalukini-6. Mwaka 2016 kundi la Pernille Hojman, mjini humo humo, liliwawekea panya wenye saratani gurudumu la kukimbilia. Uvimbe wao ukawa mdogo kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko wa panya waliokaa tu. Adrenalini iliyopanda kwa kukimbia ilizitoa seli za ulinzi zilikojificha zikaingia kwenye damu, na intalukini-6 ikazisaidia kuufikia uvimbe. Adrenalini ilipozuiwa kwa dawa, faida ikatoweka.

Panya ni panya, sawa. Lakini mwaka 2025 yalitoka majibu ya utafiti wa CHALLENGE, uliohusisha wagonjwa 889 waliotibiwa saratani ya utumbo mpana. Waliosimamiwa mazoezi kwa miaka 3, asilimia 80 walitimiza miaka 5 wakiwa hai bila saratani. Waliopewa vitabu vya ushauri tu, asilimia 74. Majibu hayo hayakuonyesha homoni ipi ilifanya kazi hiyo. Mimi naitazama pia insulini, ambayo mazoezi huishusha, maana ikizidi huzichochea seli kukua.

Adrenalini hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, kwa hiyo mbio za Jumapili moja hazitoshi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kupalilia mikorosho kumo. Kupanda bodaboda hadi gengeni hakumo.

Lakini saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ina njia yake ya kukingwa: chanjo ya HPV kwa mabinti, inayotolewa nchi nzima tangu 2018, na uchunguzi kwa mama zao. Hapo usitegemee mbio.

Na huyo wa mkekani? Kama daktari hajaona saratani kwenye mifupa wala upungufu mkubwa wa damu, atembee hadi kwa jirani na kurudi, mwendo wa kumwezesha kuongea lakini si kuimba. Kesho nyumba mbili.