Mgongo Unauma, Moyo Je?

Mama anayelima mpunga katika bonde la Kilombero hukaa wiki nyingi kwenye kibanda cha shambani, mbali na nyumbani Ifakara. Akirudi na kufika zahanati, akiulizwa "hujambo?" hujibu kwanza "sijambo", kama adabu inavyotaka. Ndipo aanze: mgongo unauma, magoti yanauma, mwili mzima unauma, mwaka wa tatu sasa. Eksirei haionyeshi kitu. Mganga akimuuliza kama ana huzuni au hofu, mama humtazama tu. "Sijui. Naumwa."

"Sijui" hiyo inastahili kusikilizwa. Mapema miaka ya 1970, Peter Sifneos, daktari wa akili wa Boston mwenye asili ya Ugiriki, aliunda neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa maneno ya hisia: aleksithimia. Si ugonjwa. Ni hali ya mtu kubanwa kifua na moyo kumwenda mbio, asijue kama ni hasira, woga au uchovu. Dodoso linalotumika zaidi kuipima lilitengenezwa Toronto mwaka 1994, nalo lina maswali 20. Anayefikisha alama 61 huhesabiwa kuwa nayo. Rachel Aaron na wenzake walipounganisha matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2019, waliona kuwa watu wenye maumivu sugu, yaani yanayodumu zaidi ya miezi 3, hupata alama za juu kuliko wasioumwa, na kwamba alama hizo huambatana na sonona na wasiwasi.

Sehemu ya maelezo imo ndani ya ubongo. Kuna eneo liitwalo insula, linalopokea habari za ndani ya mwili: mapigo ya moyo, joto, tumbo, maumivu. Hisia nazo hutegemea habari hizo hizo. Kwa mtu aliyeumwa mchana na usiku kwa miaka, kutenganisha kuuma kwa kiuno na uzito wa majonzi si kazi nyepesi. Hata chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, katika fasili yake ya mwaka 2020, kinayataja maumivu kuwa jambo la mwili na la hisia kwa pamoja. Maumivu ya mama huyu ni ya kweli. Asiambiwe kamwe kwamba anajitungia.

Lakini hapa pana hatari, na ni hatari inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengi. Lugha yetu huusema moyo kwa viungo vya mwili. Aliyeonewa husema amekatwa maini. Mwenye wasiwasi ana tumbo joto. Mwenye huzuni ana moyo mzito. Watu hao hawakukosa maneno hata kidogo. Laurence Kirmayer, daktari wa akili wa Kanada, alionya tangu mwaka 1987 kwamba aleksithimia inaweza kuwa ni tofauti ya utamaduni iliyogeuzwa kasoro ya mgonjwa. Dodoso la Toronto lenyewe linauliza kama mtu huhisi mambo mwilini ambayo hata madaktari hawayaelewi. Mgonjwa aliyezunguka zahanati tatu bila kupewa jina la maradhi yake atajibu ndiyo, kwa sababu ndivyo ilivyo! Njia bora ilionyeshwa Dar es Salaam: Sylvia Kaaya na wenzake walitoa mwaka 2008 kipimo cha sonona chenye vipengele 19, kilichotokana na namna Watanzania wenyewe wanavyoeleza dhiki zao.

Ifakara inajua gharama ya kutosikilizana. Miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Susanna Hausmann-Muela alichunguza huko jinsi watu wanavyoielewa malaria. Hadubini isipoona vijidudu na homa ikaendelea, baadhi ya watu walisema uchawi umevificha, wakaenda kwa mganga wa jadi. Jibu la "hakuna kitu" halimalizi swali la mgonjwa, na mwenye mgongo usioonyesha kitu kwenye picha yuko njia panda ile ile.

Hisia zikitafutwa kwa utaratibu, mwili nao unaweza kupata nafuu. Mwaka 2017 Mark Lumley na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya watu 230 wenye faibromyalgia, maumivu ya mwili mzima. Waliofundishwa kuzitambua na kuzisema hisia zao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa elimu ya ugonjwa peke yake.

Kwa hiyo muuguzi wa Kilombero achunguze kwanza dalili za hatari: homa, kukonda, ganzi miguuni. Kisha aliache swali la "una huzuni?" na aulize: "Pole, mama. Mgongo ulipoanza, nyumbani kulikuwa na nini? Siku ukiuma zaidi, moyo unakuwaje?" Akishauliza, anyamaze, ampe mama nafasi ya kujibu.