Matibabu ya mawimbi ya mshtuko: alama za ngozi za kuangalia

Ngozi kuwa nyekundu, kuvimba kidogo au kuvilia damu baada ya matibabu ya mawimbi ya mshtuko ni jambo la kawaida, na mara nyingi huisha lenyewe kwa siku chache. Lakini kwa mtu anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda, damu inaweza kuvuja sana chini ya ngozi.

Mawimbi hayo yalitumiwa kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1980 mjini Munich, Ujerumani, kuvunja mawe ya figo. Leo yanatumiwa pia kutuliza maumivu ya muda mrefu ya kisigino, kiwiko na bega.

Muganga hupaka jeli ili mawimbi yapenye vizuri hadi ndani. Hewa ikibaki kati ya mashine na ngozi, ngozi yenyewe inaumia: mishipa midogo ya damu inapasuka na vidoa vyekundu vinatokea.

Kwenye ngozi nyeusi, wekundu hauonekani kwa urahisi. Ni vizuri kupapasa mahali palipotibiwa, kuona kama pana joto, uvimbe au maumivu.

Kabla ya kutibiwa, mgonjwa amwambie muganga kama ana mimba, ana ugonjwa wa damu kutoganda, au amechomwa sindano ya kotizoni hivi karibuni. Asiache dawa zake bila ruhusa. Uvimbe ukiendelea kukua, au usaha na homa vikitokea, arudi hospitali mara moja.